Durham Wasps hawakufilisika wala hawakushuka daraja. Walikwenda wapi?

Swali la msomaji:

"Nafanya kazi ya kutunza wazee, naishi Gateshead, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Mzee ninayemhudumia ana miaka 81 na amezaliwa Durham. Ana skafu na jezi ya zamani ya timu ya hoki ya barafuni iliyoitwa Durham Wasps. Huniambia walikuwa mabingwa wa nchi nzima, halafu 'wakatuuza'. Mimi nilidhani timu ilifilisika au ilishuka daraja, lakini nikisema hivyo anakasirika. Mwanawe anasema Wasps hawakufa, walibadili jina tu wakawa Newcastle Cobras. Siku moja walibishana mezani mpaka chakula kikapoa. Nani ana haki? Timu bingwa inawezaje kupotea ndani ya miaka michache? Jumapili nyingine jioni mzee huvaa ile skafu na kuniuliza basi linaondoka saa ngapi. Ningependa kumpeleka mahali penye kumbukumbu ya timu yake. Pia kuna mtu mtandaoni anataka kuinunua jezi. Nifanye nini?"

Ndugu yangu, umeuliza maswali matatu kwa pamoja: ukweli wa historia, ugomvi wa baba na mwana, na namna ya kumtunza mzee mwenye kidonda kisichopona. Nitaanza na historia, kwa sababu nadhani mengine yatafunguka humo.

Kwanza tuondoe lile la kufilisika na kushuka daraja, maana ndilo linalomuumiza mzee. Yeye hakusema uongo hata kidogo. Durham Wasps, yaani Nyigu wa Durham, waliongoza Ligi Kuu ya Uingereza mara tano katika miaka minane: msimu wa 1984–85, wa 1985–86, wa 1988–89, wa 1990–91 na wa 1991–92. Wakati ule kila msimu ulimalizika kwa fainali ya ubingwa kwenye ukumbi wa ndani wa Wembley, London, na huko nako Nyigu walitwaa kombe mara nne: 1987, 1988, 1991 na 1992. Ile ya 1992 waliwafunga Nottingham Panthers 7–6. Usiyapime mabao hayo kwa macho ya kandanda, hoki ya barafuni ina mabao mengi. Lakini fainali ya kushinda kwa bao moja, watu wako wamesafiri kutoka kaskazini kuja kuujaza ukumbi wa mji mkuu, haisahauliki kwa aliyekuwepo.

Sasa tazama ukubwa wa mji wenyewe. Durham ni mji mdogo, una kanisa kuu la mawe lililoanza kujengwa mwaka 1093, chuo kikuu, na mto Wear unaozunguka kilima kama mkono unaokumbatia. Vijiji vilivyouzunguka vilikuwa vya wachimba makaa ya mawe. Msimu ule wa kwanza wa ubingwa wa ligi, 1984–85, ulikwenda sambamba na mgomo mkubwa wa wachimbaji, uliodumu tangu Machi 1984 hadi Machi 1985 na ukaisha kwa wao kushindwa. Kwa nyumba nyingi za eneo lile ulikuwa mwaka wa dhiki. Mzee wako alikuwa mtu mzima katika mwaka huo. Siwezi kukuambia alikuwa upande gani wala alifanya kazi gani, muulize mwenyewe. Ila ukijua hilo utaelewa kwa nini skafu ile si kitambaa tu kwake.

Mchezo huu ulifikaje huko? Watu wengi hudhani hoki ya barafuni nchini Uingereza ni mchezo wa Wakanada waliolipwa kuja kucheza. Kwa Durham ni nusu ya kweli. Palikuwa na mfanyabiashara wa barafu, John Frederick James Smith, ambaye mji mzima ulimwita Icy Smith. Mwaka 1940, vita vikiwa vimekwisha kuanza, alifungua uwanja wa barafu kandokando ya mto. Mwanzoni ulifunikwa kwa turubai kama hema la sarakasi, na nguzo za kulishikilia zilisimama ndani ya barafu yenyewe, kwa hiyo mchezaji aliyeteleza kwa kasi alipaswa kumkwepa mpinzani na nguzo pia. Marubani na mafundi wa jeshi la anga la Kanada waliokuwa kwenye kambi za jirani walipouona uwanja ule, walikuja na magongo. Baada ya vita baadhi yao walioa mabinti wa hapo wakabaki, na katika miaka hiyohiyo Wasps wakazaliwa. Mwaka 1955 Smith akafungua uwanja mwingine kwenye mji wa pwani wa Whitley Bay, upande wa pili wa Newcastle. Uweke akilini huo wa Whitley Bay, nitaurudia, kwa maana ndio ushahidi wangu mkubwa.

Kufika miaka ya 1980, kanuni za ligi ziliiruhusu kila timu kuwa na wachezaji watatu tu kutoka nje. Durham walipata wageni hodari, Rick Brebant wa Kanada akiwa mmojawapo, lakini siri yao ilikuwa watoto wa nyumbani. Ndugu Stephen na Ian Cooper walitoka Peterlee, mji uliojengwa kwa ajili ya familia za wachimba makaa. Ndugu wa ukoo wa Johnson, yaani Stephen, Anthony na Shaun, nao walikulia kwenye barafu ileile. Vijana hawa waliivaa jezi ya taifa. Kwa mji kama Durham, wenye barafu yake na watoto wanaoanza kuteleza wakiwa wadogo kabisa, kanuni ya wageni watatu ilikuwa neema. Timu ya mji mkubwa yenye fedha nyingi isingeweza kununua kikosi kizima kutoka ng'ambo. Ilibidi ilee watoto au iwashawishi wa wenzao, na kweli wale ndugu wawili wa Cooper baadaye walihamia Cardiff.

Sasa nifike kwenye kiini cha swali lako. Timu bingwa inapoteaje?

Sisi tuliokulia kwenye kandanda tumezoea kuiona timu kama kitu kimoja: jina, uwanja, mashabiki na nafasi kwenye ligi, vyote vimefungwa pamoja. Katika hoki ya barafuni vitu hivyo hutengana kwa urahisi, na kila kimoja kinaweza kuwa na mwenyewe. Kipo kiti kwenye ligi, ambacho ni haki ya kucheza na ni karatasi tu. Ipo barafu. Na wapo watu: wachezaji, watoto wa timu za vijana, na mashabiki. Anayeinunua timu kwa kawaida hununua kile kiti na mikataba ya wachezaji. Hanunui barafu, na watu hawawezi kununulika.

Barafu ndiyo yenye gharama. Chini ya sakafu ya zege hupita mabomba ya maji ya chumvi yaliyopozwa kuliko barafu yenyewe, na juu yake hugandishwa tabaka jembamba la sentimita chache. Mashine za kupoza hula umeme usiku na mchana, iwe kuna mechi au hakuna. Ndiyo maana mwenye uwanja huuza kila saa ya barafu: watoto wa shule mchana, wanaojifunza kucheza dansi ya barafuni alfajiri, vijana wa hoki jioni, umma siku za mapumziko. Mechi ya timu kubwa Jumapili usiku ndiyo inayoleta umati, na umati ndio unaolipa bili. Ukiiondoa mechi hiyo, uwanja hauanguki siku ileile, lakini hesabu zinaanza kugoma. Wenzetu wa Kenya Ice Lions wanaelewa jambo hili vizuri. Wao walijengeka juu ya uwanja mmoja mdogo uliomo ndani ya hoteli ya Panari, Nairobi. Uwanja huo ukifungwa, wachezaji wapo na magongo wanayo, ila hawana pa kuchezea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 upepo ulibadilika. Kumbi kubwa za kisasa zilianza kujengwa: Sheffield mwaka 1991, kisha Manchester na Newcastle mwaka 1995. Kumbi hizo zilihitaji kujazwa usiku ambao hapakuwa na tamasha la muziki, na hoki ilionekana kufaa. Sheffield Steelers, timu iliyoundwa pamoja na ukumbi wake, ilikuwa bingwa kufika 1995. Kule Manchester, mechi ya Februari 1997 dhidi ya Sheffield ilihudhuriwa na watu 17,245. Uwanja wa kando ya mto Wear uliweza kuingiza sehemu ndogo tu ya umati huo.

Hapa anaingia Sir John Hall. Wewe unaishi Gateshead, bila shaka umenunua viatu MetroCentre. Yeye ndiye aliyelijenga lile soko kubwa. Mtoto wa mchimba makaa, tajiri wa kujitengeneza, na wakati ule mwenyekiti wa Newcastle United. Aliota kuunda klabu moja ya michezo mingi kwa mfano wa Barcelona: kandanda, raga, mpira wa kikapu na hoki chini ya paa la jina moja, Newcastle. Mwaka 1995 aliinunua Durham Wasps.

Msimu wa 1995–96 timu iliendelea kuitwa Durham Wasps lakini haikucheza Durham. Ilipelekwa Sunderland, kwenye kituo cha michezo cha Crowtree. Mwaka 1996 ilihamishiwa ukumbi mpya wa Newcastle, ikapewa jina la Newcastle Cobras, ikawa mojawapo ya timu nane zilizoanzisha Superleague. Ligi hiyo mpya iliingiwa kwa mwaliko, haikuwa na kupanda wala kushuka daraja, na ililegeza kamba ya wachezaji wa kigeni. Mwaka huohuo wa 1996 uwanja wa Durham, uliobaki bila timu iliyokuwa ikiujaza, ulifungwa milango. Uligeuzwa ukumbi wa mchezo wa kuangusha vigingi kwa matufe, baadaye ukabomolewa. Leo pale pana majengo ya ofisi yanayoitwa Freeman's Reach.

Kwa hiyo, ndugu yangu, hapakuwa na kushindwa uwanjani. Kiti kilinunuliwa kikapelekwa mji mwingine, barafu ikabaki bila mwenza ikafa, na watu wakabaki mikono mitupu. Mzee akisema "wakatuuza", hilo ndilo neno sahihi.

Na mwanawe? Kwa karatasi, mwanawe naye hajakosea. Kile kiti cha Cobras ni kilekile cha Wasps. Kilipita kwenye majina mengine pia: mwaka 1998 wakawa Newcastle Riverkings, mwaka 2000 wakawa Newcastle Jesters, na mwaka 2001 kikafa. Yaani Newcastle yenyewe haikuweza kukishika zaidi ya miaka mitano. Timu ya Newcastle Vipers iliyokuja mwaka 2002 ni nyingine kabisa, ilianzishwa upya, ikatwaa ubingwa wa michuano ya mwisho wa msimu mwaka 2006 na kuvunjika 2011. Mwana akianza kuwaunganisha Vipers na Wasps, hapo mkatalie.

Ukiniuliza mimi, nasimama na mzee. Timu yenye jina jipya, mji mpya na wachezaji wengi wapya, iliyochezea barafu nyingine, inabaki na nini cha kuiita ileile? Namba ya mkataba. Tena kuna jambo ambalo mgeni hawezi kulijua mpaka aishi huko: mashabiki wengi wa Durham katika kandanda ni wa Sunderland, na uhasama wa Sunderland na Newcastle ni mzito kuliko unavyoonekana kwenye televisheni. Kumwambia mtu wa namna hiyo apande basi kwenda Newcastle kuishangilia timu ya mwenyekiti wa Newcastle United, na kwamba hiyo bado ni timu yake, ni kumtaka aikane nafsi yake. Wengi hawakwenda.

Hata hivyo nisimpake Sir John Hall matope yote. Mishahara ilikuwa inapanda, uwanja ulikuwa mkuukuu, na ligi ya kumbi kubwa ingekuja hata yeye asingekuwepo. Inawezekana kabisa kwamba Durham wasingebaki kileleni. Superleague yenyewe ilikufa mwaka 2003, na timu za kumbi kubwa kama ile Manchester Storm ya kwanza zilikuwa zimekwisha kuanguka kabla yake. Lakini kutobaki kileleni ni jambo moja na kutoweka ni jambo jingine, na hapa ndipo ninapourudia uwanja wa Whitley Bay.

Jirani zao Whitley Warriors walipitia mtihani uleule kwa wakati uleule. Msimu wa 1995–96 waliuhama uwanja wao, wakaenda kucheza ukumbi mpya wa Newcastle kwa jina la Newcastle Warriors. Haikuwafaa. Mwaka 1996 wakarudi kwao. Waliweza kurudi kwa sababu barafu ya Whitley Bay, ile ya Icy Smith, ilikuwa bado inagandishwa. Waliteremka ngazi, fedha ikapungua, lakini watoto waliendelea kufundishwa na timu ipo mpaka leo. Timu mbili zilizochezea viwanja vya mtu mmoja, mwaka mmoja wa misukosuko. Iliyokuwa na barafu ya kurudia iliishi, na iliyokuwa na vikombe vingi zaidi haikuwa na pa kurudi. Ndiyo maana nasema Nyigu waliuawa na kufungwa kwa uwanja kuliko kuuzwa kwa kiti. Kama barafu ya Durham ingebaki, wangeanzisha timu nyingine hapohapo kwa jina lilelile, hata ya daraja la chini, na mzee wako angekuwa na mahali pa kwenda Jumapili.

Tuje kwenye kumtunza. Anapovaa skafu na kuuliza basi, usimkatize kwa kumwambia timu imekufa. Wala usimdanganye kwamba basi linakuja. Muulize basi lilikuwa linapita wapi, alikaa na nani, nani alikuwa golikipa. Majibu yake yatakuambia kama anakumbuka au anachanganya nyakati. Kama anajua kwamba ni zamani na anaigiza tu desturi yake ya Jumapili, mwache, ni jambo jema. Lakini ikiwa kweli anaamini mechi ni leo, au anataka kutoka nje usiku, au hali hiyo inaongezeka, hapo si kazi ya mtu wa historia kama mimi. Andika siku na saa, mweleze mwanawe na msimamizi wako wa kazi, na aonwe na daktari wake uso kwa uso. Usisubiri ukidhani ni uzee tu.

Jezi msiiuze kwa mtu wa mtandaoni kwa sasa. Kwanza ni mali ya mzee, na uamuzi ni wake na familia. Wewe kama mtunzaji usiwe mkono wa kati kwenye fedha hizo, hata ukiombwa kwa nia njema. Pili, jezi iliyovaliwa na mchezaji uwanjani na jezi iliyouzwa kwa mashabiki ni vitu viwili tofauti kwa thamani, na tofauti yake haionekani vizuri kwenye picha ya simu: hutazamwa mishono, viraka, alama za kuchakaa viwikoni, lebo ya ndani. Wakitaka kujua bei, waipeleke kwa mthamini wa nyumba ya mnada aishike mkononi. Mpaka siku hiyo isifuliwe kwa dawa ya kung'arisha wala isining'inizwe kwenye henga ya waya. Ikunjwe kwa karatasi laini nyeupe, mbali na jua.

Kuhusu matembezi, Durham kuna kituo cha kumbukumbu za kaunti kinachoitwa The Story, pale Mount Oswald, kilichofunguliwa mwaka 2024. Hapo ndipo pa kuanzia mkitafuta magazeti na picha za miaka ile. Waandikieni kabla ya kwenda, mseme mnatafuta nini na misimu gani, ili wawatolee vitu mapema, mzee asichoke kusubiri. Freeman's Reach mnaweza kupita siku hiyohiyo, ila muulizeni kwanza kama anataka kuona. Wengine hupenda kusimama kando ya mto na kuonyesha kwa kidole mlango ulipokuwa, wengine hawawezi. Crowtree ya Sunderland msihangaike nayo, ilibomolewa.

Mimi ningempeleka Whitley Bay, usiku wa mechi ya Warriors. Najua walikuwa wapinzani wao wakubwa, na huenda atagoma mwanzoni. Mwambie hamwendi kuwashangilia. Pigeni simu uwanjani siku chache kabla, muulize kama kuna ngazi, wapi panafaa kiti cha magurudumu, na mlango upi una foleni fupi. Mvalishe soksi mbili na blanketi la magoti, kwa sababu baridi ya uwanja wa barafu hupandia miguuni na dakika 60 za mchezo huchukua zaidi ya saa mbili kwa mapumziko yake. Skafu aivae. Mashabiki wa Warriors wa umri wake wataitambua mara moja, na utashangaa ni wangapi watakaomsogelea waanze kubishana naye kuhusu mechi za 1985.